Kichujio cha Papa Timothée

Sheria haimruhusu polisi kumzuia mtu zaidi ya saa arobaini na nane. Germaine alikuwa amekamatwa Jumatano saa kumi na mbili jioni. Sasa ilikuwa Ijumaa, saa nane mchana, na mvua iliyoanza alfajiri ilikuwa ingali inayapiga mabati ya Kisangani kama mdai aliyenyimwa mlango. Zilikuwa zimesalia saa nne. Zikiisha, mwanamke yule angekabidhiwa kwa mwendesha mashtaka pamoja na jalada lenye jina moja tu ndani yake, jina lake, na kutoka hapo njia ilikuwa moja: gereza kuu.

Inspekta Alfani alisimama mbele ya lango la nyumba ya marehemu akakung'uta koti lake. Hakuwa mtu wa kukimbia, hata mvuani. Alikuwa na kanuni aliyoishika tangu siku ya kwanza ya kazi: neno lililosemwa kituoni halina thamani mpaka lipimwe mahali lilipotendeka. Alibakiwa na neno moja ambalo hakuwa amelipima, nalo lilikuwa la Sadrack.

Mambo yenyewe yalikuwa haya. Papa Timothée, mfanyabiashara wa mtoni, mzaliwa wa Yanonge, alikutwa Jumatano saa tisa alasiri chini ya ngazi za ghala lake kando ya mto, fuvu limepasuka. Daktari alisema alikufa baina ya saa saba na saa nane na nusu. Kando ya maiti alikuwa ameketi Germaine, mjane wa mdogo wake, ambaye alimpikia na kumpelekea chakula ghalani kila siku ya kazi. Kitenge chake kilikuwa na damu. Wapagazi waliomkuta walisema hakulia wala hakujaribu kukimbia. Kituoni alitamka maneno mawili, "Andikeni mutakacho," kisha akafunga kinywa. Kamanda wa kituo, Lambert, aliridhika. Alfani hakuridhika, na sababu yake ilikuwa sufuria.

Sufuria ya lituma, ndizi za kupondwa, na samaki ilikutwa sakafuni, chini ya ngazi, kitambaa kimefungwa juu yake kwa mafundo mawili, mchuzi haujamwagika hata tone. Ukingo wa mbao uliovunjika ulikuwa juu, ngazi ya kumi na saba. Mwanamke mwenye sufuria ya moto hapandi nayo ngazi kumi na saba, akagombana, akasukuma mtu wa kilo mia, kisha akateremka nayo bila kulegeza fundo. Germaine hakupanda. Alifika, akaona, akaketi. Na mwanamke aliyeona, kisha akachagua kunyamaza, humnyamazia nani? Alikuwa na mtoto mmoja duniani, Sadrack, kijana wa miaka ishirini na minne. Lakini Sadrack, kwa kauli yake, alikuwa nyumbani kwa marehemu, alikoishi, Jumatano hiyo tangu saa sita hadi saa kumi, akiihudumia mashine ya maji ya samaki. Kauli hiyo ikisimama, hakuna mwingine. Angebaki Germaine.

Uani kulikuwa na turubai la matanga na viti vya plastiki. Wanawake watatu wa kanisa walikuwa wanaimba kwa sauti ya chini, wamejifunika kanga. Sadrack alimlaki mlangoni: kijana mrefu, shati jeusi limepigwa pasi, macho mekundu.

"Karibu, chef. Pole na mvua."

"Mvua si kosa lako. Nipeleke kwenye mashine."

Walipita sebuleni. Tangi la kioo lilichukua ukuta mzima, pana kama kitanda cha watu wawili, likiwaka nuru ya samawati katika giza la mchana ule. Ndani yake waliogelea samaki wa bahari, rangi ya machungwa na nyeusi, katika mji ambao wengi wa watu wake hawajawahi kuonja maji ya chumvi. Chumvi ilikuja kwa ndege kutoka Kinshasa, kwenye ndoo. Maji yalikuja kwa bomba, na maji ya bomba kama yalivyo yangewaua viumbe wale kwa majuma machache. Ndiyo maana ya mashine.

Ilikuwa kwenye chumba kidogo nyuma ya jiko. Vikopo vitatu vya plastiki, virefu kama mkono hadi kiwiko, vilisimama wima ukutani. Juu yake ulilala mrija mnene. Pembeni kulikuwa na kikopo cha nne, kiangavu, kilichojaa punje za samawati. Pampu ndogo ilinguruma chini.

Alfani alitoa daftari. "Nieleze polepole. Nichukulie kama mtu asiyejua lolote."

"Bon." Sadrack alinyosha kidole, na sauti yake ikapata nguvu kidogo, kama ya mtu anayerudi kwenye jambo analolimudu. "Maji ya bomba inaingia huku. Hii ya kwanza inashika udongo. Hizi mbili iko na makala ndani, yaani makaa, inashika ile dawa ya bomba, ile unasikiaka harufu yake. Kisha pampu inasukuma maji kwa nguvu kwenye membrane, huku juu. Ni utando, chef, tundu zake hazionekane na macho. Safi inapita. Chafu inakataliwa, inatokea kwa hii tuyau, inaenda inje. Hizi punje inamalizia kazi. Zikichoka zinageuka rangi, zinakuwa sawa kahawa."

"Inayokataliwa ni kiasi gani?"

"Ndoo moja safi, ndoo tatu inje."

"Na Jumatano ulifanya nini?"

"Nilibadilisha yote. Udongo, makala, membrane, punje."

"Saa nne kwa kazi hii?"

"Chef, hii si kubadilisha ampoule ya taa." Kwa mara ya kwanza kijana alikaribia kutabasamu. "Unafunga bomba. Unatoa pression. Unafungua vikopo na hii clé, unaviosha. Mpira wa kila kikopo unapakwa grisi, bila vile utavuja. Kisha makala mupya lazima ku-rincer, kuisuuza. Iko na vumbi, maji ya kwanza inatoka nyeusi kabisa. Unachomoa membrane kwanza, unaacha maji inaenda inje robo saa, mpaka inakuwa safi. Ukisahau, vumbi inaziba utando, umeua mashine. Kisha unatia membrane, na yenyewe maji yake ya kwanza unamwaga, saa nzima na zaidi. Donc, saa nne."

"Ulifanya hivyo Jumatano? Maji meusi uliyatoa nje kwa mrija huu?"

"Bien sûr."

Alfani alikagua. Kila kikopo kilikuwa na kipande cha gundi ya karatasi, na juu yake tarehe ya Jumatano kwa mwandiko wa Sadrack. Alifungua kikopo cha kwanza mwenyewe: mpira uling'aa grisi, kichujio kilikuwa na rangi hafifu ya krimu. Alichovya kipimo kidogo cha kusoma uchafu katika maji ya bomba: hamsini na nane. Alikichovya katika maji yaliyochujwa: sifuri. Kwenye pipa la taka alivikuta vichujio vya zamani. Kile cha udongo, ambacho kwa asili ni cheupe, kilikuwa chekundu kama tofali na chenye utelezi. Vile vya makaa vilinuka kinamasi.

Kwenye msumari palining'inia daftari la kazi. Kila Jumapili, namba mbili: maji yanayoingia na maji yanayotoka. Yanayotoka: sifuri, sifuri, sifuri. Vichujio, kwa mujibu wa daftari, vilibadilishwa kila baada ya miezi sita bila kukosa.

"Hiki kilikaa miezi sita tu?" Alfani aliinua kile chekundu kwa vidole viwili.

"Mvua, chef. Maji ya bomba kisha mvua, utasema ni chai."

Hilo lilikuwa kweli. Uwongo wa kawaida huwa na matundu. Kauli hii ilikuwa imekazwa kila upande kama vikopo vile, na mpira na grisi yake. Aliandika yote, kurasa tatu, akamsomea neno kwa neno. Sadrack akatia sahihi mara tatu.

"Umempelekea mama yako chakula kituoni?"

Kijana aliitazama pampu. "Nilituma mutu."

"Hukwenda mwenyewe? Siku mbili?"

"Iko matanga hapa, chef. Nani atapokea watu?"

"Mama yako ni mmoja," alisema Alfani. "Wafiwa ni wengi." Akafunga daftari, akatoka.

Saa tisa na robo. Alitembea kandokando ya ukuta wa nje ili aone mrija unatokea wapi, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuacha kitu nusu. Alitarajia mtaro. Alikuta foleni.

Mrija ulitokeza ukutani kwenye usawa wa goti, na chini yake palikuwa na madumu saba ya manjano, kila moja limewekewa alama yake: uzi, kitambaa, jiwe juu ya kifuniko. Dumu la kwanza lilikuwa linajaa. Chini ya kibaraza cha nyumba ya jirani aliketi mwanamke mnene mwenye ushungi wa kijani, akiyalinda madumu kwa macho kama askari wa zamu.

"Ukitaka maji, papa, enda nyuma ya ile iko na jiwe," alimwambia. "Hapa hatuangalie koti."

"Mimi ni polisi, mama."

"Polisi vilevile anapanga foleni." Alicheka peke yake. "Miye Hadidja. Bwana yangu ni Rashidi, fundi wa cherehani. Kaa, utaloana."

Alfani alibaki amesimama. "Maji haya mnayatumiaje?"

"Kufua, kuosha sahani, kuoga. Kunywa, hapana. Papa Timothée mwenyewe ndiye alitoboa ukuta, Mungu amurehemu. Alisema, samaki yangu inakunywa moja, ninyi mukamate tatu. Avenue nzima inaishi kwa masalio ya samaki! Ile samaki, papa, inaishi sawa ministre. Miye nikifa, nirudi samaki ya mutu wa Yanonge."

"Yanatoka kila siku?"

"Kila siku courant iko, umeme. Mashine inajiwashaka yenyewe."

"Na Jumatano?"

"Jumatano ilitoka tangu asubuhi mpaka magharibi. Nilifua mashuka ya watoto."

Alfani aliinua kichwa. "Yalikuwa ya rangi gani, maji hayo?"

"Rangi gani? Maji iko na rangi? Safi!" Kisha uso wake ukabadilika. "Ya Alhamisi ndiyo uniulize. Alhamisi! Lakini nani analipa hasara ya masikini?"

"Alhamisi kulitokea nini?"

Hadidja aliinuka, akaenda hadi kwenye kamba ya nguo, akashusha kanzu. Ilikuwa nyeupe toka mabegani hadi kiunoni. Toka kiunoni kwenda chini ilikuwa na mawimbi ya kijivu cheusi, kama iliyoburutwa majivuni mwa tanuri la mkaa.

"Hii ni ya Rashidi, ya sala. Ninaifuaka Alhamisi, anaivaa Ijumaa. Jana asubuhi watu ya matanga wote walienda morgue kuangalia maiti. Avenue ilinyamaza. Nikasema, leo madumu ni yangu peke yangu. Niliweka beseni hapo chini ya tuyau, nikatia kanzu, nikaenda kuangalia moto. Narudi: nyeusi! Nyeusi sawa mutu ameosha makala ndani! Nikapiga lango na mawe. Sadrack akajibu kwa ndani: 'Pardon mama, ngoja robo saa, itakuwa safi.' Na kweli, robo saa, ikawa safi. Lakini kanzu? Leo bwana yangu ameenda kuswali na ile ya arusi yetu. Inamufika hapa." Alipiga magoti yake. "Imam mwenyewe alicheka."

"Una hakika ilikuwa sauti ya Sadrack?"

"Nimemujua tangu anaburuta kaptula."

Mvua ilizidi. Alfani alivuka njia, akagonga milango miwili ya wenye madumu, kila mmoja peke yake, bila kutaja siku wala rangi. Wote wawili walisema vilevile: Jumatano safi, Alhamisi nyeusi. Alirudi, akaandika, akamsomea Hadidja, naye akatia dole gumba lake kwenye wino.

"Kanzu hii naichukua kama ushahidi."

"Na Ijumaa ijayo atavaa nini?"

"Nitakupa hati."

"Atavaa hati?"

Alimpa hati hata hivyo, kwa mwandiko safi, yenye muhuri.

Sadrack alikuwa sebuleni, mbele ya tangi, akiwapa samaki chakula kwa kuchota chembe na ncha za vidole. Alfani alikunjua kanzu juu ya kiti, upande mchafu juu. Kijana aliitazama, na chembe za chakula zikaanguka juu ya zulia.

"Vumbi la makaa," Alfani alisema. "Umenieleza mwenyewe: kichujio kipya cha makaa hutoa maji meusi robo saa. Jumatano maji yalitoka safi kutwa nzima. Meusi yalitoka jana asubuhi, watu wote walipokuwa morgue."

"Labda... labda nilikosea siku, chef. Na matanga, kichwa..."

"Umetia sahihi mara tatu. Umeandika Jumatano kwenye vikopo vinne. Mtu hukosea mara moja, hakosei mara saba kwa upande uleule." Alivuta kiti, akaketi wima kama aketivyo hakimu. "Jumatano, saa saba, ulikuwa wapi?"

Nje wanawake wa kanisa walimaliza wimbo mmoja wakatafuta mwingine. Sadrack aliketi sakafuni, mgongo kwenye kioo.

"Alinipigia simu saa sita," alisema. "Samaki ya manjano ilikuwa imekufa. Ya tatu mwezi huu. Asubuhi alifungua vikopo yeye mwenyewe. Aliona."

"Aliona nini?"

"Kwamba sikubadilisha. Mwaka na nusu. Alikuwa analetaka vichujio vipya toka Kinshasa, mimi naviweka juu ya kabati na boîte yake. Daftari naandika tu. Sifuri, sifuri." Alijifuta uso kwa kiganja. "Maji ilikuwa inaonekana safi, chef. Unaitia kwa kilauri, unaona mukono yako ngambo. Nilisema, safi ni safi. Nitafanya kesho."

"Ukaenda ghalani."

"Nilienda kuomba pardon. Nilipiga magoti kule juu, Mungu anaona. Akasema nirudi Yanonge nikachome samaki ya kuuza pamoja na wanawake. Nikanyamaza. Akasema niko sawa baba yangu: mudomo mbele, kazi nyuma. Baba yangu, mudogo wake mwenyewe, alikufa ndani ya baleinière ya tonton, ile mashua yake, akivusha muzigo yake! Nikamusukuma. Mara moja tu. Ule ubao ulikuwa umeoza..."

"Mama yako alikukuta."

"Chini ya ngazi. Aliweka sufuria. Akamugusa tonton kwa shingo, akanigusa mimi. Akasema: 'Enda nyumbani, badilisha mashine, useme ulikuwa na mashine. Na usikanyage kituo, hata nikilia.'" Aliitazama kanzu. "Lakini nyumba ilikuwa imejaa watu. Ningefanya saa ngapi? Nilingoja wende morgue."

"Na ulipopata nafasi," alisema Alfani, "ulifanya kila hatua. Uliosha vikopo, ukapaka grisi, ukayatoa maji meusi robo saa nzima. Ungekuwa mvivu jana kama ulivyokuwa mwaka na nusu, ungeyaacha yapite kwenye utando, na mimi ningerudi kituoni mikono mitupu. Katika kazi yote uliyopewa katika nyumba hii, ya jana ndiyo pekee uliyoifanya sawasawa."

Alimfunga pingu kwa mbele, kwa heshima ya matanga, akamfunika mikono kwa kanzu ili wanawake wasione. Waliona.

Kituoni, chumba cha wanawake waliozuiwa kilikuwa stoo ya zamani isiyo na dirisha. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Kamanda Lambert alikuwa amekwisha kuita gari la kumpeleka Germaine. Alfani alilirudisha gari, akaweka maungamo mezani, akangoja mpaka kamanda asome ukurasa wa mwisho na kutia sahihi. Kisha akachukua kitabu cha waliozuiwa na ufunguo.

Germaine alikuwa ameketi juu ya mkeka, miguu imenyooshwa, kitenge kimekauka damu. Hakuinua uso.

"Mama Germaine. Umeachiliwa. Simama utie sahihi."

"Nani ameniachilia?"

"Sheria. Sadrack amesema yote."

Germaine alivuta miguu, akaikunja. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya unga: "Ulimupiga?"

"Sipigi watu."

"Basi heri ungemupiga," alisema. "Angekasirika, angenyamaza. Ulimuongelesha vizuri, ndiyo maana." Sasa alimtazama, na macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Nilikuwa na mutoto mumoja, papa. Nilikupa mutu muzima ufunge jalada lako. Mutu mumoja amekufa, mutu mumoja amefungwa: hesabu ilikuwa imetimia. Ulikuwa unatafuta nini tena?"

"Aliyefanya."

"Na umemupata. Utalala vizuri?"

Swali hilo halikuhusu kesi. Alfani alifungua kitabu kwenye ukurasa wa Jumatano, akakiweka sakafuni mbele yake pamoja na kalamu. "Sahihi yako, hapa. Kisha uko huru kwenda nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Kutoka upande wa pili wa ukuta ulisikika mlango wa chuma wa chumba cha wanaume ukifungwa, na komeo likiingia. Germaine aligeuza kichwa upande huo. Alivuta mkeka, akausogeza mpaka ukutani, akalala ubavu, mgongo kwa Alfani, kiganja kimelala bapa juu ya saruji.

"Andika kwamba nimekataa," alisema.

Inspekta Alfani aliinama akaokota kitabu. Alitazama saa yake, akachora mstari chini ya jina, na kwa mwandiko ulionyooka, kwa kuwa lililotendeka sharti liandikwe kama lilivyotendeka, akaandika: *Ijumaa, saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili. Ameachiliwa. Amekataa kutoka.*